Chupa Mbili na Macho ya Bibi

"Bora."

"Kawaida."

"Nimesema Bora, Shomari. Gari la marehemu baba yetu halitanyweshwa Kawaida kama pikipiki ya muuza maji."

"Kaka, hili gari nalifungua mimi kila mwezi. Injini yake naijua kuliko nilivyomjua mke wangu kabla hajaniacha. Halitaki Bora. Ukilitia Bora litakunywa, litashukuru, halafu litaenda vilevile."

"Vilevile kwako wewe fundi. Mimi nimekaa ofisini miaka thelathini na moja, kitu cha daraja la kwanza nakijua nikikiona."

"Umekiona wapi? Mafuta yenyewe hujayaona."

Baba akagonga meza, chai ikamwagika. Mama akasogeza kitambaa bila kunyanyua macho, akasema, "Endeleeni tu, nafuta."

Hiyo ilikuwa siku ya sita ya ugomvi. Baba, Mzee Kibwana, karani mstaafu, anataka Bora. Baba Mdogo Shomari, fundi magari mwenye vidole vyeusi hata siku ya Idi, anataka Kawaida. Bibi yangu Bi Siwatu, mama yao wote wawili, alikuwa amekaa kwenye kiti chake pembeni ya dirisha, anageuza kichwa kufuata sauti. Kufuata sauti ndo kitu pekee alichokuwa anaweza. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Zamani alikuwa anachambua mchele mpaka mchanga unaona aibu, siku hizi anamshika mtu uso ndo anasema, "Kumbe ni wewe, Hamduni."

Hamduni ni mimi. Nimemaliza kidato cha nne mwaka juzi, matokeo yakaja, ila hayakuja vizuri. Tangu hapo nipo nyumbani, kazi yangu kumshika Bibi mkono.

Sasa Bibi alikuwa na tarehe. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya mkoa mara moja kwa mwaka, wanakaa siku moja, wanapasua bure wazee wote waliopita miaka sitini, wanaondoka. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ile. Ugomvi ninaousema ulikuwa Jumapili. Kutoka kwetu mpaka hospitali ni kilomita tisini, gari tunalo, lipo uani, ila tenki limekauka. Na mafuta huwezi kuuziwa mpaka familia ichague.

Ngoja nieleze jambo lilivyoanza, maana wengine mtadhani Serikali yetu ina roho mbaya. Haina. Inatupenda mpaka inatuchosha.

*

Zamani kwetu kulikuwa na petroli tu. Unaenda sheli ya Serikali, unasema "jaza" au unasema "ya kuniwahisha tu nyumbani", unawekewa. Hatukujua kama tunateseka.

Halafu Mheshimiwa Waziri wa Hiari akaongea redioni. Aliongea saa mbili na nusu, na nusu saa ya mwanzo ilikuwa ya kumtambulisha. Akasema: "Ndugu wananchi, taifa linalomimina petroli ya aina moja kwenye kila gari ni taifa lililofungwa minyororo. Kuanzia leo mtakuwa na petroli Kawaida na petroli Bora. Mtachagua wenyewe, kwa hiari yenu. Hiari hii ni ya lazima. Ambaye hatatumia hiari yake ndani ya siku kumi na nne atachukuliwa hatua kali, na hatua hizo hatutamchagulia, atachagua mwenyewe."

Tukapiga makofi, hata waliokuwa wanasikilizia jikoni. Mama alipiga na mwiko.

Masharti hayakuwa mengi. Gari moja, chaguo moja, maisha yote ya gari. Ukichagua Bora, litakunywa Bora mpaka life, na siku likifa upeleke cheti cha kifo chake. Bora bei juu, Kawaida bei ya juu kidogo. Na mpaka familia ipate Kadi ya Hiari, hakuna tone.

Mtasema, si mngepanda basi. Kampuni ya mabasi ya mkoa wetu inamilikiwa na mabinamu wanne. Mmoja alisema Bora, wawili wakasema Kawaida, wa nne akaenda kwao kufikiria, na mpaka leo mabasi yamepaki, kuku wametaga ndani. Majirani nao wapo hivyohivyo. Mtaa mzima ulikuwa kimya wa magari, ila unasikia kila nyumba: Bora, Kawaida, Bora, Kawaida, kama watu wanatwanga.

Baba Mdogo alijaribu kuleta akili. Akasema, "Jamani, aliyetengeneza hili gari aliandika mwenyewe linakunywa nini. Kitabu chake kipo kwenye droo ya mbele." Tukakitoa. Kitabu chote Kijapani. Baba akakishika, akakifungua katikati, akasogeza miwani, akasoma kimya kama dakika mbili.

"Kinasema Bora," akasema.

*

Jumatatu tukaenda Ofisi ya Hiari ya Wilaya, kwa mguu, mi nimemshika Bibi. Sisi wote wanne, maana kanuni inataka watu wazima wote wa nyumba. Mama alikuwa na homa, akaandikiwa ruhusa ya kutokuwa na maoni.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, meza moja, kitambaa cha rangi za bendera. Juu ya kitambaa, chupa mbili za soda zilizojazwa petroli. Nyuma ya meza yupo Bwana Lupembe, Afisa Hiari, mtu mpole sana, mwenye suti ya vipande vitatu kwenye joto lile, ukimfikia anakusalimia mpaka anakuulizia ng'ombe ambao huna.

Kazi ni hii. Unasimama mbele ya chupa, unazitazama, unaapa: "Nimeziona chupa mbili, na nimeiona tofauti." Ndo unataja chaguo lako. Serikali haitaki mtu achague kitu bila kujua anachochagua.

Mbele yetu kulikuwa na jamaa mwenye lori la mchanga. Akainama, akazitazama sana. Mi nilikuwa nimekaa benchi la mbele, nazitazama na mimi. Ni petroli. Na petroli.

"Hii ya kushoto," jamaa akasema taratibu, "ina utulivu fulani."

Bwana Lupembe akaandika.

Mke wake naye akainama. "Ina utulivu kabisa. Na hii nyingine ina kiherehere."

Bwana Lupembe akaandika na hiyo, akagonga muhuri, wakatoka wanapepea kadi. Halafu akaja mama mfagiaji, akaziweka chupa sakafuni ili afute meza, akazirudisha. Bwana Lupembe alikuwa dirishani anakunywa maji. Aliporudi akasimama, akazitazama chupa. Akakohoa. Akaisogeza moja kidogo kushoto.

"Zipo vilevile," akasema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mi nikatazama dari.

Sasa inabidi mjue jambo moja la kwetu. Kwetu mkubwa anatangulia. Kunawa, kula, kuongea, kuingia kwenye gari. Mdogo hata chafya anaibana mpaka mkubwa apige yake. Serikali ikauona huo utamaduni ni mzuri, ikauingiza kwenye kanuni, kifungu cha tatu: familia itachagua kwa kufuata ukubwa, na hakuna mdogo atakayeiona tofauti kabla mkubwa wake hajaiona.

Kwa hiyo aliyeitwa wa kwanza ni Bibi.

"Shikamoo, bibi," akasema Bwana Lupembe.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Ng'ombe hawajambo?"

"Sina ng'ombe, ila nitawafikishia."

"Vizuri. Sasa bibi, zitazame chupa hizi mbili."

"Ziko wapi?"

"Mbele yako."

"Mbele yangu pana weupe."

"Ndani ya huo weupe, bibi, hakuna kitu?"

Bibi akanyoosha shingo, kwa heshima ya yule afisa, akajitahidi. "Kuna weupe mwingine," akasema.

Bwana Lupembe akaweka kalamu chini. Baba akamsogelea Bibi sikioni, "Mama, sema tu umeona."

"Niseme nimeona nini?"

"Tofauti."

"Na wewe umeiona?"

"Mimi sijafika zamu yangu, Mama. Hairuhusiwi kuiona kabla yako."

"Basi mimi nitaapaje kitu sijakiona, Kibwana? Nina miaka sabini na nane. Kiapo cha uongo nikitumie wapi, na nimebakiza siku ngapi?"

Benchi zima likainama. Watu walioapa asubuhi ile wakaanza kutafuta viatu vyao.

Bwana Lupembe hakukasirika. Akafungua kitabu cha kanuni, akakifunga, akasema, "Hapa alete cheti cha macho. Daktari aandike kwamba sasa anaona."

"Daktari yupo wapi?" akauliza Baba Mdogo.

"Hospitali ya mkoa. Tena mna bahati, Ijumaa hii wanakuja mabingwa."

"Tunajua. Tunataka kumpeleka."

"Mpelekeni."

"Na nini?"

"Si mna gari?"

"Halina mafuta."

"Ndo maana mko hapa," akasema Bwana Lupembe, na akatabasamu kwa furaha, kama mtu aliyeona jambo limejifunga vizuri pande zote.

Baba Mdogo akamtazama muda mrefu. Bwana Lupembe akaona haya, maana kweli si mtu mbaya. Akainamia meza, akashusha sauti. "Nawaonea huruma wazee wangu. Bibi angekuwa ametangulia mbele za haki, ingekuwa rahisi sana. Ningekupigia muhuri sasa hivi, Mzee Kibwana."

"Tunashukuru," akasema Baba.

Baba ndivyo alivyo. Ukimwonyesha afisa, anashukuru.

*

Usiku ule Baba hakulala, na kesho yake alikuwa amependeza. Alikuwa amekumbuka fomu.

Miaka thelathini na moja ya ukarani si mchezo. Alikumbuka kwamba kwenye kabati fulani la wilaya kuna fomu ya Kupunguzwa Ukubwa. Ilitungwa zamani kwa ajili ya chifu mmoja aliyegombana na mdogo wake. Mtu anaandikwa upya, anakuwa mdogo, na akiwa mdogo wa kutosha, haapi.

"Unataka kumfanya Mama mtoto," akasema Baba Mdogo.

"Kwa karatasi tu."

"Kwetu kila kitu ni kwa karatasi tu, kaka. Hata njaa."

"Basi niambie wewe njia yako, fundi."

"Njia yangu tumwombe jamaa wa lori la mchanga lita kumi."

"Lita za jamaa wa lori ni kosa la jinai. Akikukamata askari, gari linataifishwa na wewe unachagua jela, Bora au Kawaida."

Baba Mdogo akaanza kujifuta vidole kwa kitambaa cha Mama.

Mama, homa yake imepungua kidogo, akasema muulizeni mwenyewe. Tukamgeukia Bibi. Alikuwa anasikiliza muda wote, anasugua magoti.

"Nikiwa mtoto, nitapasuliwa Ijumaa?"

"Utapasuliwa, Mama."

"Nitaona?"

"Utaona."

"Andikeni," akasema. "Mimi utotoni nilikuwa na mbio, hakuna aliyenishika."

Fomu ilikuwa na sehemu moja ngumu. Sehemu ya umri mpya ilikuwa na kisanduku kimoja, cha tarakimu moja. Baba akakaa nayo saa nzima. Mwisho, kwa kumheshimu mama yake, akaandika namba kubwa kuliko zote zinazoingia.

Jumatano jioni cheti kikatoka, na muhuri umekolea. Siwatu binti Mwinyikombo, miaka tisa.

*

Alhamisi tukarudi kwa Bwana Lupembe. Alimtazama Bibi, akakitazama cheti, akampa Bibi peremende.

"Mtoto asubiri nje," akasema.

Nikamkalisha Bibi kwenye ngazi, peremende mkononi. Akaniambia, "Nenda, siondoki hapa," kama mimi ndo mkubwa. Nikarudi ndani.

Baba sasa ndo mkubwa wa nyumba. Akafunga vifungo vya koti, akasimama mbele ya chupa, akazitazama kama mtu anasalimia bendera.

"Nimeziona chupa mbili, na nimeiona tofauti. Bora."

"Vizuri sana. Anayefuata."

Baba Mdogo akasogea. Kanuni inasema wanaofuata wakipinga chaguo la mkubwa, familia inaanza upya baada ya siku tisini, ili wapate muda wa kupendana. Tulijua wote. Baba alijua, maana alikuwa anatoka jasho.

Baba Mdogo akainama mpaka pua ikakaribia chupa. Bwana Lupembe akamwambia, "Fundi, kunusa hairuhusiwi." Akainuka. Huyu ni mtu ambaye petroli ameivuta kwa mdomo na mpira tangu ana miaka kumi na mbili. Akiwa amefumba macho anaweza kukwambia hii imechanganywa na mafuta ya taa, hii ina maji, hii imekaa kwenye dumu la plastiki wiki mbili. Akageuka akatazama mlangoni. Unaona mgongo wa Bibi pale kwenye ngazi, na mkono wake unapapasa karatasi ya peremende, haioni inapofunguliwa.

"Nimeziona," akasema Baba Mdogo.

Bwana Lupembe akasubiri. "Na tofauti?"

"Na tofauti."

"Umeiona?"

"Andika nimeiona. Na hiyo Bora yake andika."

Alitoka nje bila kungoja. Mimi nikawa wa mwisho. Nikasimama, nikatazama, petroli na petroli, nikaapa haraka kama mtu anameza kwinini. Sikusikia chochote ndani yangu, kusema kweli. Nilisikia kitu baadaye, nilipotoka, Bibi akaniuliza, "Zikoje hizo chupa?" na mi nikamjibu, "Nzuri."

Kadi tukapewa, ya rangi ya dhahabu. BORA.

*

Ijumaa alfajiri tulilisukuma gari mpaka sheli, Bibi ndani, Baba kwenye usukani, mi na Baba Mdogo nyuma. Sheli ina njia mbili. Njia ya Kawaida ilikuwa tupu, ina mbuzi. Njia ya Bora ilikuwa na foleni mpaka msikitini, maana familia zote, baada ya kugombana zote, mkubwa alitangulia, na mkubwa hawezi kuonekana na Kawaida.

Tukangoja. Saa moja. Saa tatu. Mhudumu wa njia ya Kawaida alikuwa anamchana mbuzi manyoya.

Saa tano kasoro tukafika kwenye pampu. Mhudumu wa Bora alikuwa amevaa glavu nyeupe. Akalisalimia gari, "Shikamoo, mheshimiwa." Akafuta kioo cha mbele, akafuta taa, akamimina. Baba Mdogo alikuwa anafuata mipira kwa macho, ule wa Bora na ule wa Kawaida, inavyoshuka, inavyokutana, inavyoingia pamoja kwenye tundu moja ardhini.

"Fundi," akasema yule mhudumu kwa upole, "tunaomba usiangalie chini. Bora inaangaliwa juu."

"Kawaida nayo mnaisalimia?" akauliza Baba Mdogo.

"Kawaida tunaiambia 'mambo'."

Tukaondoka. Baba ndo alishika usukani, na alienda kwa taratibu mno, kifua mbele, anapungia watu mkono. Mi nikasema, "Baba, ongeza kidogo." Akasema, "Unasikia lakini injini inavyotulia?" Baba Mdogo, kiti cha nyuma, akafumba macho. Bibi alikuwa katikati yetu, amevaa kanga aliyoivaa kwenye harusi ya Mama. Mara moja tu aliniuliza, "Hamduni, miti bado ipo barabarani?" Nikamwambia mingine ipo. Akasema, "Nitaihesabu tukirudi."

*

Saa nane tukafika. Madaktari wapo. Mapazia ya kijani yapo, wazee wamekaa kwenye foleni na pamba machoni, wengine wameshatoka wanacheka ovyo, wanatazama mikono yao. Niliwaona kwa macho yangu. Mzee mmoja alikuwa ameshika jani la mpapai, analigeuza huku na huku, hataki kuliachia.

Nesi mmoja mnene, mwenye sauti ya huruma, akachukua karatasi zetu.

"Siwatu binti Mwinyikombo. Yupo kwenye orodha. Yuko wapi?"

"Huyu hapa," akasema Baba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Nesi akasoma cheti. Akasoma tena. "Hapa pameandikwa miaka tisa."

"Hiyo ni kwa karatasi tu," akasema Baba.

"Mzee, na mimi hapa nafanya kazi kwa karatasi. Hii huduma ni ya wazee waliopita sitini."

"Mwangalie basi," Baba Mdogo akasema. "Mwangalie uso huu. Huyu ana miaka tisa?"

"Namwona, kaka yangu. Namwona vizuri kuliko wewe. Lakini nikimwingiza mtoto wa miaka tisa kwenye chumba cha wazee, kesho naitwa."

"Basi mwingize kwa watoto."

"Watoto wana timu yao. Bado haijaundwa."

Baba akatoa kalamu mfukoni. Akauliza kama kuna fomu ya Kurudishiwa Ukubwa. Nesi akaenda akauliza, akarudi, akasema ipo, ila mwombaji aijaze mwenyewe, na awe ametimiza miaka kumi na minane.

"Atatimiza lini?" akauliza Baba, na alikuwa anauliza kweli.

"Bado miaka tisa, mzee."

Hapo hatukugombana. Tulisimama tu. Saa kumi wakaanza kukunja mapazia. Daktari mmoja akapita karibu yetu anavua glavu, akamwona Bibi, akasimama, akamfungua jicho kwa kidole gumba, akasema, "Hili ni la dakika kumi na tano." Nesi akamwonyesha cheti. Daktari akakitazama, akatikisa kichwa, akamrudishia Bibi jicho lake.

Bibi ndo alituambia twendeni. Njiani aliniomba nimtajie miti, nikamtajia. Mingine nilitunga.

*

Wikiendi yote ugomvi ukarudi, tena kwa nguvu.

"Ningesikilizwa mimi," Baba Mdogo anasema, "tungekuwa Kawaida. Njia tupu. Saa kumi na mbili asubuhi tumeshajaza, saa mbili tuko hospitali."

"Na cheti kingekuwa kilekile. Wangekikataa asubuhi badala ya mchana."

"Asubuhi angekuwepo nesi mwingine."

"Nesi mwingine karatasi ileile. Na gari lingefia njiani."

"Lingefia njiani kwa kunywa mafuta yaleyale?"

"Si uliapa umeiona tofauti, Shomari? Kiapo chako kipo ofisini, kina muhuri."

Baba Mdogo anakaa. Halafu anasimama tena.

Jumatatu asubuhi zikaja barua mbili, bahasha moja, Serikali inabana matumizi. Ya kwanza ilisema kwa kuwa imegundulika gari letu, tangu Babu afariki, limesajiliwa kwa jina la Siwatu binti Mwinyikombo, na kwa kuwa mtoto wa miaka tisa hawezi kumiliki chombo cha moto, gari litatunzwa na Wilaya mpaka mtoto akue. Walikuja wenyewe saa mbili, wawili, wakaliwasha uani. Likawaka mara moja. Baba, na machozi yanamlenga, akasema, "Mnasikia? Bora hiyo."

Barua ya pili ilitoka Elimu. Ilisema Serikali haitavumilia mtoto yeyote wa umri wa kwenda shule kukaa nyumbani. Siwatu aripoti leo, darasa la tatu, na daftari mbili. Mzazi atakayemficha atachukuliwa hatua, atachagua.

Ikasomwa mezani. Nilidhani nyumba italipuka. Lakini Baba alipomaliza kuisoma aliikunja, akaiweka chini ya sahani, akasema, "Ndo tatizo la kutia Kawaida kwenye akili. Tungefuata utaratibu tangu mwanzo."

"Utaratibu gani?" akasema Baba Mdogo. "Wa nani? Si wewe uliyeleta fomu?"

"Fomu ilikuwa nzuri. Kisanduku ndo kilikuwa kidogo."

"Kawaida, kaka. Mimi nilisema Kawaida."

"Bora."

Mama akasimama. Alienda chumbani, akarudi na daftari mbili zangu za zamani, kurasa za mbele amezing'oa. Akamfunga Bibi kanga ya bluu kwa sababu sare ni bluu, akamchomekea penseli nyuma ya sikio. Bibi akashikwa, akageuzwa, akafungwa. Halafu akanyoosha mkono hewani, unatafuta wangu.

"Hamduni. Shule ni mbali?"

"Dakika ishirini, Bibi. Kwa mwendo wako arobaini."

"Basi twende, wasije wakanichapa."

Mimi, mtu wa kidato cha nne, nikazibana daftari zake mbili kwapani. Nikamshika mkono. Nyuma yetu meza inagongwa, chai inamwagika, Bora, Kawaida, Bora, kitambaa kinapita. Kwenye kizingiti Bibi akasimama, akageuza uso wake kwangu, amekosea kidogo, anautazama ukuta.

"Ubaoni wanaandika kwa chaki ya rangi gani?"

"Nyeupe, Bibi."

"Afadhali," akasema. "Weupe nauona."

Nikamvusha kizingiti, mguu wa kwanza, mguu wa pili, nikaufunga mlango.